Nani Analipia Bei ya Mwanafunzi?

Madukani Kayanga, Omurushaka au Nkwenda hutakuta kibandiko kinachosema kompyuta hii ina bei yake kwa mwanafunzi na bei nyingine kwa asiye mwanafunzi. Muuzaji anataja bei, mnunuzi anaomba apunguziwe, wanakubaliana. Hata hivyo bei ya mwanafunzi imeshaingia wilaya hizi za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ila imepitia mlango wa nyuma. Imeingia kwa jina la kijana aliyeko chuoni Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza au ng'ambo, ambaye ndugu na majirani wamegundua kwamba kitambulisho chake ni fedha.

Sura yake iliyoenea zaidi ni laini ya chuo. Kampuni za simu nchini zimekuwa zikitoa vifurushi vya wanachuo kwa bei nafuu kuliko vya kawaida. TTCL, kwa mfano, iliwahi kuwa na kifurushi chake kilichoitwa Boom Pack. Wanafunzi wapya wanapopokelewa, mawakala hupanga meza na miamvuli chuoni, kijana anatoa namba yake ya usajili na ya NIDA, anaweka kidole, anaondoka na laini. Baada ya muda laini hiyo, au ya pili iliyosajiliwa kwa kidole kilekile, iko kwa fundi simu wa Isingiro au mwalimu wa Kaisho, aliyeinunua kwa sababu bando la kawaida linammaliza. Laini hizi hutangazwa waziwazi mitandaoni, bei imewekwa na namba ya kupiga iko chini yake.

Kisha kuna programu. Microsoft hutoa Office ya mtandaoni bure kwa wanafunzi wa taasisi zilizojiunga nayo, na ufunguo wake ni baruapepe ya chuo. Duniani kote baruapepe hizo zinauzwa na kununuliwa. Kisha kuna mashine yenyewe. Apple ina bei ya elimu Marekani: MacBook Air ambayo kila mtu aliuziwa dola 999, mwanafunzi aliipata kwa 899. Kijana wa Karagwe anayesoma huko akiombwa na kaka yake amnunulie moja na kumpa msafiri aje nayo, dola mia hiyo inahesabiwa mapema kwenye mazungumzo, kana kwamba ni haki ya ukoo mzima.

Tuangalie kwa karibu mahali ambapo swali hili linauma. Steshenari ya kawaida ya mji mdogo ni chumba kimoja: mashine ya kutolea kopi, printa, mashine ya kulamineti, kompyuta ya mezani iliyozeeka na daftari la madeni. Mwenye duka ndiye anayejaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa wahitimu wa kidato cha sita, anatafuta matokeo ya NECTA, anawaombea watu kazi kwenye Ajira Portal, anachapa mihtasari ya vikao vya kijiji na barua za mashauri ya mashamba. Msimu wa maombi ya vyuo foleni inafika barazani. Kompyuta ikizima katikati ya fomu, kuna mtoto anaweza kukosa mkopo. Mwenye duka huyo ana mpwa aliye mwaka wa pili chuoni, na chuoni kumekuja mpango wa laptopu za wanafunzi kwa bei ya punguzo. Anapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hizo laptopu za chuo, huwezi kunichukulia moja kwa jina lako? Hela natuma leoleo."

Kijana atajibu nini? Huyu mjomba huenda ndiye aliyejaza fomu yake ya mkopo bila kumtoza hata shilingi, na ndiye aliyemtumia nauli ya basi. Mashine inayoombwa haiendi kuchezea filamu, inakwenda kuwahudumia wanafunzi wengine, tena maskini zaidi. Mtu akiniambia kwamba jibu lake ni jepesi, namshuku.

Wako wanaolimaliza swali hili kwa kicheko. Katika miji ambayo Windows na Office nyingi ziliwekwa na fundi kutoka kwenye flashi, bila leseni, kumhubiria mwenye steshenari juu ya punguzo la kampuni ya Marekani kunachekesha kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na wengi hawajawahi kuiona ikifika dukani kwao. Lakini mazoea ya kosa moja hayahalalishi kosa lingine. Yanaonyesha tu kwamba watu wameshazoea kuamini kuwa aliye mbali hadhuriki. Imani hiyo ndiyo ya kuchunguzwa, maana wakati mwingine ni kweli na wakati mwingine si kweli hata kidogo.

Kampuni inapompunguzia mwanafunzi bei haitoi sadaka. Inajua kijana hana fedha leo na atakuwa na mshahara kesho, na aliyejifunzia kwenye mashine au programu yake hatahama kirahisi. Inajua pia kwamba asipopunguziwa hatanunua kabisa, kwa hiyo dola 899 ni bora kuliko sifuri. Ni hesabu ya biashara, na kuvuja kwake kumo ndani ya hesabu. Januari 2022 Apple ilianza kuwadai wanunuzi wa Marekani uthibitisho wa uanafunzi kupitia UNiDAYS, na siku chache baadaye ikaacha. Kampuni iliyotaka kuziba tundu ingeliziba. Hii ilipima ikaona wateja ni bora kuliko ukaguzi. Masharti yenyewe si ya kubana sana: mzazi anaruhusiwa kumnunulia mtoto wake aliye chuoni, na kuna kikomo cha idadi ya mashine kwa mwaka. Kwa punguzo la namna hiyo, hasara ya muuzaji ni hoja dhaifu. Kinachobaki ni uongo, na uongo tutaurudia.

Mambo yanabadilika kabisa punguzo likitoka kwenye mfuko wa umma. Afrika Mashariki ina mfano wake hasa. Mwaka 2010 Bodi ya TEHAMA ya Kenya ilianzisha mpango wa Wezesha, kwa fedha za Benki ya Dunia, ambapo mwanafunzi wa chuo kikuu alipewa ruzuku ya takriban dola 120 ya kununulia laptopu kwa wauzaji walioidhinishwa. Fedha zilikuwa na kikomo na nafasi zilikuwa za kuhesabika. Katika mpango wa aina hiyo, laptopu moja ikienda kwa mjomba, yuko mwanafunzi mmoja, mwenye jina na kitanda bwenini, anayerudi mikono mitupu. Kampuni haijapoteza kitu, muuzaji kalipwa bei yake kamili, serikali imeandika kwamba lengo limefikiwa. Aliyeibiwa hajui hata kwamba ameibiwa.

Watu wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kwenda Nairobi kulielewa hilo. Wanaikumbuka vocha ya pembejeo. Kuanzia 2008 serikali iligawa vocha ili mkulima mdogo apate mbegu na mbolea kwa nusu ya bei, na katika sehemu nyingi za nchi vocha iligeuka fedha: mkulima asiye na nusu yake ya kuongezea alitia sahihi au dole gumba, akapewa fedha kidogo na wakala, wakala akadai serikalini malipo ya mbolea ambayo haikufika shambani. Madai ya mawakala wa msimu wa 2015/2016 yalipohakikiwa, serikali ilieleza kwamba ilikuta udanganyifu mwingi, na mawakala waaminifu wakasubiri malipo yao miaka pamoja na wadanganyifu. Tarehe 8 Agosti 2022, Rais Samia alipozindua mbolea ya ruzuku Mbeya, mfuko ambao ulikuwa umepanda kupita shilingi 120,000 ukauzwa 70,000, lakini mkulima alitakiwa kusajiliwa na kupewa namba yake. Foleni, namba, ujumbe wa simu, safari ya kwenda kwa wakala na kurudi bila mbolea kwa sababu mtandao umekataa: sehemu kubwa ya usumbufu huo ni riba ya vocha zilizouzwa miaka ile. Aliyeuza alipata fedha ya siku mbili. Anayelipa ni bibi mwenye nusu eka ya mahindi Nyaishozi, ambaye hakuwahi kuuza vocha ya mtu.

Wilaya za mpakani zinaijua hesabu ya bei mbili kuliko wachumi. Kahawa ya Kyerwa imevushwa usiku kwenda Uganda kila mara bei ya upande wa pili ilipopanda, na hakuna kizuizi cha Murongo kilichoweza kuizuia yote. Bei ikiwa mbili kwa kitu kimoja, kitu kitatoka kwenye bei ndogo kwenda kubwa. Kwa hiyo anayeweka bei ya mwanafunzi bila kujiuliza itavuja wapi amefanya nusu ya kazi.

Wakati mwingine punguzo halifiki kwa mwanafunzi wala kwa mdanganyifu. Linapotelea kwa muuzaji. Katika bajeti ya 2021/2022 serikali ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili wananchi wengi wavipate. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa maelezo kwamba haukuleta unafuu uliokusudiwa. Ajabu ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyesema uongo kwenye fomu. Unafuu ulibaki tu kaunta. Nalitaja hili kwa sababu mijadala ya maadili hupenda kumwangalia mnyonge mwenye kitambulisho, na ni nadra kumgeukia mwenye ghala.

Turudi kwa mjomba, na kwa hoja iliyo nzito kuliko zote, kwamba jina la msomi si lake peke yake. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kahawa na ndizi. Mtoto wa hapa anasomeshwa kwa kahawa ya baba, kwa mbuzi wa shangazi, kwa mchango wa jirani uliosomwa jina kwa jina sebuleni siku ya kumuaga. Waliomsomesha wamenunua hisa kwenye maisha yake, na hisa hiyo hudaiwa kwa heshima: mdogo wako akae kwako, tafuta dawa, ulizia kazi. Mbele ya madai hayo, kukataa kuandika jina kwenye fomu ya laptopu kunaonekana kama kusahau kwenu.

Nakubali deni hilo. Sikubali kwamba linalipika kwa fedha za mtu wa tatu. Kijana anaweza kumpa mjomba bumu lake, yaani fedha yake ya mkopo, jasho lake, hata laptopu yake mwenyewe atakapomaliza chuo. Vyote hivyo ni vyake. Nafasi ya mwanafunzi mwenzake si yake kuitoa. Na ikiwa hakuna mwenzake anayeikosa, kwa sababu punguzo ni la kampuni na halina kikomo, bado ametumwa aseme mbele ya karani jambo ambalo si kweli, na aliyemtuma ni mkubwa wake. Mwenye kumwamkia mtu shikamoo hana nguvu ya kumkatalia. Ndiyo maana lawama kubwa ya muamala huu naiweka kwa anayeomba kuliko kwa anayeombwa.

Anayeuza laini au baruapepe yake kwa mtu asiyemjua ni habari nyingine, na hapo lugha ya Kagera inalo neno lake tayari. Huyo anafanya butura. Wenyeji wanaifahamu biashara hiyo iliyopigwa marufuku: mkulima aliyebanwa na shida anauza kahawa ingali maua, anapokea fedha kidogo, na msimu ukifika anachuma kahawa ambayo si yake tena. Mwanachuo naye hubanwa. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023, na ya vitabu na viandikio ni 200,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ni nadra kutosha laptopu imara hata ya mtumba. Bumu likichelewa, kidole ndicho kitu pekee alicho nacho cha kuuza.

Lakini tofauti na kahawa, jina haliishii kwenye msimu mmoja. Tangu usajili kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa baada ya Januari 20, 2020, kila laini nchini ina mwenyewe. Laini ya chuo ikitumika kutapeli watu kwa ujumbe wa "tuma kwenye namba hii," polisi hawamtafuti fundi wa Isingiro. Wanamtafuta kijana ambaye alama ya kidole chake imo kwenye kumbukumbu. Anayetaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake anapiga *106# na kuangalia. Nimesikia watu wazima wakilifanyia mzaha jambo hili, eti nani atamfuata mtoto wa watu kwa bando la wiki. Wanaosema hivyo hawana kidole chao mle ndani.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba tunajua mwanafunzi ni nani. Mwalimu mwenye mshahara na miaka arobaini na tano, aliyejiandikisha Chuo Kikuu Huria, ni mwanafunzi. Ana haki ya punguzo na hamdanganyi mtu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Kyerwa, anayejifunza kompyuta mwenyewe jioni kwenye simu ya kaka yake, si mwanafunzi kwa mujibu wa fomu yoyote. Anayesoma ufundi VETA Karagwe ni mwanafunzi kwa kila hali, ila ofa nyingi zimeandikwa kwa ajili ya vyuo vikuu na hudai baruapepe ya taasisi, na yeye hana. Punguzo linalodai kumsaidia asiye na uwezo linampata kwanza aliyekwisha kuvuka vizuizi vingi zaidi. Hata vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baada ya kazi viligawiwa walimu wa shule za umma, vilikwenda kwa watu wenye ajira. Sina ugomvi na hilo, walimu walivihitaji, lakini ni dalili ya jinsi vifaa hivi vinavyopenda kuteremkia kwa aliye ndani ya orodha fulani tayari.

Je, udhalimu huo wa orodha unampa ruhusa aliye nje kuingia kwa jina la mwingine? Ungempa kama anayeingia kwa kawaida angekuwa yule kijana wa Kyerwa. Sivyo inavyokuwa. Anayenufaika na jina la mwanachuo ni mwenye mpwa chuoni, mwenye fedha ya kutuma leoleo, mwenye ndugu Marekani. Asiye na mtu huko anaendelea kununua bando la bei ya kawaida. Udanganyifu huu haupindui ngazi, unaongeza tu watu kwenye vipandio vya juu.

Basi hukumu yangu haiwezi kuwa moja kwa yote. Mzazi anayemnunulia binti yake aliye chuoni, na likizo akaitumia mashine hiyo kuandika hesabu za chama chake cha msingi cha kahawa, hana kosa lolote. Mashine ni ya mwanafunzi na nyumba inaitumia. Mwanafunzi aliyemaliza chuo akamwachia mjomba laptopu yake ya punguzo hana kosa pia. Anayetumia bei ya elimu ya kampuni kwa uongo amefanya kosa dogo, na ukubwa wake ni ukubwa wa uongo wenyewe. Anayechukua nafasi kwenye mpango wenye fedha za umma na idadi maalumu ameiba, hata kama mashine inakwenda kuwahudumia yatima. Na anayenunua majina ya vijana waliobanwa na njaa ili ayauze tena kwa faida, yule wa tangazo la mtandaoni, ndiye ninayemweka mbali kuliko wote hao, kwa sababu wengine wote walikuwa na haja na yeye ana biashara.

Kwa mwenye steshenari kuna njia zisizohitaji jina la mpwa. LibreOffice ni bure, inafungua barua na majedwali yale yale, na fundi anaweza kuiweka bila kuvunja sheria. Laptopu ya mtumba iliyokaguliwa betri na diski kabla ya kulipiwa itafanya kazi ya fomu kwa miaka. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa hutoa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Steshenari inayowahudumia waombaji wa mikopo ya elimu inastahili kufikiriwa pale kuliko miradi mingi niliyoisikia. Kampuni za simu nazo, ikiwa kweli zinamtaka mwanafunzi, zije na ofa zao hadi VETA na sekondari za juu zilizoko hapa, badala ya kuziacha kwenye kampasi za mijini na kuwalaumu watu wa vijijini wanaozifuata huko kwa njia za panya.

Nawe kijana unayeondoka Kayanga mwaka huu na barua ya chuo mfukoni, simu ya mjomba itakuja. Mwitikie kwa adabu, mwulize ni punguzo la nani na limewekwa kwa ajili ya nani, na kama huwezi kumjibu karani ukweli, mwambie mjomba hapana kabla hajatuma hela.